Gari Kuukuu Likichemsha: Je, Tuache Maji?



Sisi tunaofanya kazi katika mashamba na kiwanda cha chai karibu na Fort Portal, Uganda, tuna pikapu moja kuukuu. Tuliinunua kwa michango yetu, ili ipeleke wagonjwa hospitali na ituletee unga na chumvi kwa bei nafuu.

Mwaka jana pikapu hiyo ilichemsha mlimani ikiwa imembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa. Utingo wetu, kwa haraka ya kumsaidia mama, alifungua kifuniko cha rejeta. Maji ya moto yalimrukia usoni na mkononi. Mama alichukuliwa na gari jingine akajifungua salama, lakini ndugu yetu alilazwa wiki tatu, na makovu anayo mpaka leo.

Katika mkutano uliofuata, mwenzetu mmoja alitoa shauri tununue kulanti isiyo na maji. Alisema ukiitia, gari halichemshi tena. Wengi walipiga makofi, wakataka fedha zitolewe siku ile ile. Tulikubaliana tuulize kwanza. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Pwani maji huchemka kwenye digrii 100. Huku kwetu, mita 1,500 hivi juu ya bahari, huchemka kwenye digrii 95. Kifuniko cha rejeta hubana mvuke, na kwa sababu hiyo maji hupita digrii 100 bila kuchemka. Ukikifungua ghafla, maji hayo hugeuka mvuke mara moja na kuruka. Hivyo ndivyo ndugu yetu alivyoungua.

Kulanti isiyo na maji hutengenezwa kwa glaikoli. Huchemka kwenye digrii 180 hivi, kwa hiyo hakuna mvuke mwingi wa kubanwa. Tena, pasipo maji chuma hakishiki kutu upesi. Hizo ni faida za kweli, hasa kwa injini ya zamani.

Lakini hasara nazo zipo. Kilo moja ya glaikoli hubeba joto kama asilimia 60 tu ya lile linalobebwa na kilo moja ya maji, na glaikoli ni nzito kupita katika mabomba. Basi injini huwa na joto zaidi. Jambo hili si geni. Injini za ndege za Merlin, zilizotengenezwa na Rolls-Royce ya Uingereza katika miaka ya 1930, mwanzoni zilipozwa kwa glaikoli tupu. Baadaye wahandisi walirudia maji, wakayachanganya na glaikoli asilimia 30.

Tena, mvuke ni mlinzi wetu. Dereva akiuona husimama. Kulanti isiyo na maji inaweza kukaa kimya huku silinda hedi inapinda kwa joto. Kabla ya kuitia, maji yote ya zamani lazima yatolewe, na baada ya hapo ukiongeza maji ya mtoni njiani umeiharibu. Bei yake ni mara kadhaa ya kulanti ya kawaida. Glaikoli inaweza kushika moto, na aina nyingine ni sumu yenye utamu, basi isiachwe mahali watoto wanapofika.

Baada ya kusikia hayo tulimwita fundi aifungue rejeta. Alikuta mabomba yake karibu nusu yameziba kwa tope na kutu, mkanda wa feni umelegea, na mpira wa kifuniko umeoza. Tope lile tulilitia wenyewe, kwa miaka mingi, kwa madebe ya maji ya mtoni. Kulanti ya bei ghali ingepita katika mabomba yale yale yaliyoziba.

Basi tuliamua hivi. Rejeta ilisafishwa, mkanda na kifuniko vikanunuliwa vipya, na tukatia kulanti ya kawaida iliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu. Fedha zilizobaki zililipa matibabu ya utingo, maana aliumia akiwa katika kazi yetu sote. Dereva hakukatwa hata senti moja, kwani kosa lilikuwa la chama kizima.

Tena tumeandika kwa rangi nyekundu ndani ya boneti: MTU YEYOTE ASIFUNGUE KIFUNIKO KABLA INJINI HAIJAPOA. Gari likichemsha, zima injini, ungoje nusu saa au zaidi, na hata hapo fungua polepole kwa kitambaa kinene.

Hatusemi kulanti isiyo na maji ni mbaya. Siku injini itakapofanyiwa matengenezo makubwa, tutalijadili tena. Lakini ninyi wenzetu mlio na gari, trekta au jenereta ya pamoja, tazameni rejeta kwanza kabla hamjafungua mfuko wa chama.