Lugha ya Hati za Rwenzururu na Uorodheshaji Wake

Makala haya yanafafanua kwa nini orodha ya nyaraka za harakati za Rwenzururu inapaswa kutaja lugha ya kila hati. Tarehe 30 Juni 1962, Isaya Mukirane na wenzake walitangaza kujitenga na Ufalme wa Toro. Serikali yao ya milimani ilitoza kodi na kuandika barua rasmi kwa miaka mingi, hadi suluhu ya 1982. Wakonzo wa Bugoye na Bwera walikuwa wamesomeshwa kwa Kitooro, lugha ya utawala walioukataa. Kwa hiyo, kuandika kwa Kikonzo, Kitooro au Kiingereza kulibeba maana ya kisiasa. Orodha inayotaja tarehe na mada pekee huificha maana hiyo, na mtafiti hubaki akitegemea majalada ya serikali kuu. Inapendekezwa kila hati ionyeshwe lugha yake, mwandikiwa wake na muhtasari kwa Kiswahili, lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya 2005, inayosomwa pia na Wanande wa Beni na Butembo, ndugu wa Wakonzo ng'ambo ya mpaka.