Sukari ya Mimba na Chungu cha Nyumbani Langas (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza jinsi kondo la nyuma, ambalo ndilo limlishalo mtoto tumboni, linavyotoa homoni zenye kuipinga kazi ya insulini, hata ikawa kongosho la mama halina budi kuongeza juhudi kila mwezi unaopita; na kwamba yule ambaye kongosho lake halimudu ziada hiyo ndiye aambiwaye na tabibu kuwa ana kisukari cha mimba, ilhali yeye mwenyewe haoni maumivu yoyote. Leo muradi wetu ni chakula, nacho tutakisema kama kipikwavyo Langas, mtaa huu mkubwa wa Eldoret, ambako jamii nyingi za Kenya zimekaa ukuta kwa ukuta na ugali wa mahindi ya Uasin Gishu umekuwa tegemeo la wote.

Mja mzito hukutana na nasaha mbili zinazopingana, na zote mbili zina madhara. Kabla ya kupimwa huhimizwa ajaze sahani kwa kuwa anakula kwa ajili ya watu wawili; akishapimwa, watu wale wale humwambia auache ugali kabisa, naye kwa hofu hushinda na njaa. Hasha! Mwili wenye njaa huyeyusha mafuta yake na kumwaga damuni asidi zisizomfaa mtoto, na mama hudhoofika pasipo faida. Jambo la kutazamwa ni kadiri ya chakula, saa ya kuliwa kwake, na vitu viandamanavyo nacho.

Tuanze na kisebeho, maana hapo ndipo mambo huharibikia. Asubuhi insulini hupingwa kuliko saa nyingine zote, na ndiyo saa ambayo mama anayewahi kupanga mboga zake kando ya barabara hunywa kikombe cha chai ya maziwa chenye vijiko vitatu vya sukari, na mandazi mawili yaliyofungwa katika kipande cha gazeti, mafuta yakipenya karatasini. Ngano nyeupe na sukari huingia damuni kwa pamoja, na kipimo hupanda hata kama siku nzima iliyobaki atakula kwa hadhari. Afadhali chai hiyo hiyo bila sukari, pamoja na yai la kuchemsha na kipande cha nduma, au ndengu zilizobaki usiku. Na akipenda uji, uwe wa wimbi, bakuli dogo, usiotiwa sukari.

Mchana na jioni, nusu ya sahani iwe sukuma wiki, managu, saga au kunde. Robo iwe omena, maharagwe, mayai au nyama. Na robo iliyosalia ndiyo ya ugali, kiasi cha ngumi yake mwenyewe, nao ukiwa wa unga wa posho usiokobolewa ni bora zaidi. Mursik haikatazwi, ila ipimwe kwa kikombe, kwani maziwa nayo yana sukari yake. Wala hiki si chakula cha matajiri: managu na omena hupatikana sokoni Langas kila siku, na ningependa sana mama mkwe na baba watoto wale sahani hiyo hiyo, ili mgonjwa asitengwe mezani. Baada ya kula, atembee dakika kumi au kumi na tano. Na kama njia ina giza, azunguke ndani ya ploti.

Mizani ya haya yote ni tone la damu kidoleni. Aghalabu matabibu hutaka sukari ya damu kabla ya kisebeho iwe chini ya milimoli 5.3 kwa lita, saa moja baada ya kula chini ya 7.8, na baada ya muda wa saa mbili chini ya 6.7. Asiyeweza kununua vijiti vya kupimia kila siku na abadilishe saa za kupima, kwa maana apimaye alfajiri peke yake hawezi kujua chakula chake cha jioni kimefanya nini.

Ikiwa wiki moja au mbili za uangalifu hazikuishusha sukari, tabibu ataongeza dawa, mara nyingi insulini, na hapo wengi huingiwa na hofu kwamba sindano itamdhuru mtoto. Insulini ya sindano haivuki kondo la nyuma kwa kiasi cha kumdhuru; sukari ndiyo ivukayo, ikamnenepesha kupita kiasi na kuutaabisha uzazi. Nyumba isiyo na friji pia isikate tamaa: utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofuatisha joto la kambi ya Dadaab, ulionyesha kuwa insulini ilihifadhi nguvu zake kwa wiki nne katika joto la kati ya digrii 25 na 37, na hewa ya Eldoret ni baridi kuliko hiyo. Bali atumiaye insulini, akitetemeka na kutokwa na jasho, ajue sukari yake imeshuka mno, na anywe maji ya sukari upesi.

Mtoto akishazaliwa na kondo likatoka, sukari kwa kawaida hurudi chini, na hapo ndipo wengi huacha kliniki. Wasiiache, kwani mwanamke aliyepata kisukari cha mimba yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha kudumu baadaye, na apaswa kupimwa tena kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili. Wiki ya sita ndiyo ya mtoto kuchanjwa. Siku hiyo hiyo mama amwambie muuguzi kwamba naye anataka kupimwa.