Msuli wa moyo uliolala: unavyotambuliwa bila kisu (Sehemu ya 2)

Makala iliyopita ilieleza namna mishipa inayolisha moyo inavyoziba. Leo ni zamu ya msuli wenyewe.

Mgonjwa wa Butiama au Bunda anayevimba miguu na kukosa pumzi akilala chali hupewa rufaa kwenda Musoma, Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kikionyesha kwamba sehemu ya ukuta wa moyo haichezi, daktari hujiuliza: imekufa, au imelala?

Msuli unaopata damu kidogo kwa muda mrefu hupunguza kazi ili usife. Katika miaka ya 1980 Shahbudin Rahimtoola, bingwa wa moyo nchini Marekani, aliwafanya madaktari waizingatie hali hiyo. Ni kama muhogo wa kiangazi: majani yamepukutika, mzizi u hai. Damu ikirudi, msuli huo huweza kuamka. Msuli uliokufa hugeuka kovu, na kovu haliamki.

Njia isiyohitaji mtambo mkubwa ni eko yenye dripu ya dobutamini. Dozi ndogo huuchochea msuli uliolala, ukaanza kujikunja. Dozi ikipanda, hulegea tena kwa sababu damu haiutoshi. Kovu halibadiliki. Katika picha za MRI, gadolini, dawa inayodungwa kwa ajili ya picha, hubaki ndani ya kovu na kung'aa. Kovu likipita nusu ya unene wa ukuta, matumaini hupungua. Kipimo cha PET hutumia sukari yenye mionzi, ambayo msuli hai huifyonza hata damu inapopungua.

Je, msuli ukiwa hai, mishipa izibuliwe?

Si lazima. Utafiti wa REVIVED wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2022, ulihusisha wagonjwa 700 wenye msuli hai. Waliozibuliwa mishipa, asilimia 37 walifariki au kulazwa kwa kushindwa kwa moyo. Waliotumia dawa pekee, asilimia 38. Upasuaji wa kupandikiza mishipa una rekodi nzuri zaidi: katika utafiti wa STICH wenye wagonjwa 1,212, baada ya miaka 10 walifariki asilimia 59 ya waliopasuliwa na 66 ya waliobaki na dawa. Lakini hata huko, vipimo vya uhai wa msuli havikuweza kubainisha nani angenufaika.

Kwa familia ya mkoa wa Mara, hili ni jambo zito, kwa kuwa upasuaji huo huweza kumaanisha safari ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Tena, katika utafiti wa Hospitali ya Muhimbili uliochapishwa 2014, shinikizo la damu lilisababisha asilimia 45 ya kushindwa kwa moyo, na mishipa ya moyo kuziba asilimia 9 tu. Kabla ya nauli, basi, chanzo kijulikane na dawa zianze kutumika kila siku.

Makala ijayo: dawa hizo na kazi ya kila moja.