Kipimo kimoja cha presha si hukumu

Siku hizi mashine ya kupimia presha si kitu cha hospitali pekee. Mombasa, Malindi hata Lamu, utaikuta sebuleni, imenunuliwa kwa ajili ya mzee wa nyumba. Ni jambo jema. Taabu huanza pale mgonjwa anapoona namba zimeshuka leo akaacha dawa, na kesho zikipanda akameza vidonge maradufu.

Mashine huonyesha namba mbili za presha. Ya juu ni msukumo wa damu katika mishipa wakati moyo unapojikamua. Ya chini ni msukumo unaobaki moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Namba ya tatu ni mapigo ya moyo kwa dakika, wala si presha.

Presha haitulii mahali pamoja. Kahawa, sigara, ngazi, hasira, mazungumzo, hata kubanwa na mkojo huipandisha. Kwa hivyo, nusu saa kabla ya kupima usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Nenda msalani, kisha keti dakika tano kimya, umeegemea kiti, miguu sakafuni bila kuikunja nne. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo, na mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya kanzu au buibui. Mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono, namba zitapanda kwa uongo.

Pima mara mbili asubuhi kabla ya dawa, ukipumzika dakika moja katikati, na mara mbili jioni. Andika kila kipimo kwenye daftari kwa siku saba. Siku ya kwanza iache, zilizobaki tafuta wastani. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85, hiyo ni presha ya juu. Hospitalini kiwango ni 140 kwa 90, maana wengi hupanda wakimwona daktari.

Namba ya juu ikifika 180 au ya chini 120, tulia dakika tano upime tena. Ikibaki hapo, wasiliana na daktari siku hiyo hiyo. Lakini kukiwa na maumivu ya kifua, pumzi kubana, kupooza upande mmoja, ulimi mzito au macho kufifia, mkimbize mgonjwa hospitali mara moja.

Na presha ikiwa nzuri, mara nyingi ni kazi ya dawa. Usiache wala kuongeza kidonge kwa sababu ya namba moja. Mpelekee daktari daftari lako, yeye ndiye abadilishe.