KUPENDEKEZEANA VITABU VYA KISWAHILI MJINI KISANGANI

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi wasomaji wanavyoweza kupendekezeana vitabu vya Kiswahili katika mji wa Kisangani, na kwa nini jambo hili linastahili kutazamwa na watu wa chuo kikuu. Kwa kawaida hulichukulia kuwa jambo dogo: mtu amesoma kitabu, kimempendeza, akamwambia mwenzake. Hata hivyo, mahali ambapo vitabu vya lugha fulani ni vichache, neno la msomaji mmoja kwa mwingine hufanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na duka la vitabu, gazeti na mtaala wa shule. Likisemwa vizuri, msomaji mpya hupatikana. Likisemwa ovyo, msomaji huyo hupotea, na huenda asirudi tena.

Hoja yetu ni kwamba kusifu kitabu si sawa na kukipendekeza. Anayesifu hueleza uzuri wa kitabu. Anayependekeza hana budi kumfikiria pia mtu atakayekisoma, Kiswahili alichonacho, na mahali atakapoipata nakala. Tutaanza na hali ya lugha mjini, kisha tutaeleza mambo matatu ambayo pendekezo linapaswa kuyajibu, na mwishoni tutatoa mifano ya vitabu.

2. Hali ya lugha mjini Kisangani

Kiswahili kilifika katika eneo la maporomoko ya mto pamoja na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani na Unguja katika karne ya 19. Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alifanywa wali wa Stanley Falls na Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II. Lugha ya wafuasi wa misafara hiyo, waliojiita waungwana, ndiyo iliyoacha jina la Kingwana. Kilingala nacho kilipanda mto pamoja na mashua na jeshi la wakoloni. Kifaransa kikashika ofisi na madarasa.

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Katika chuo kikuu, kilichoanzishwa mwaka 1963, ufundishaji na vitabu vingi ni vya Kifaransa. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa Kisangani anaweza kukisema Kiswahili sokoni, nyumbani na kanisani, na bado akafikia shahada bila ya kusoma riwaya hata moja iliyoandikwa kwa lugha hiyo. Kwake Kiswahili ni lugha ya mdomo, na Kifaransa ndicho lugha ya kitabu. Mgawanyo huu haukutokana na udhaifu wowote wa Kiswahili. Umetokana na historia ya shule na uchapaji, na kwa hiyo unaweza kubadilika.

Sasa iko sababu zaidi ya kutaka ubadilike. Mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mhitimu wa Kisangani atakutana na wenzake wa Dar es Salaam na Nairobi waliolelewa na vitabu vya Kiswahili tangu shule ya msingi. Asipokuwa amevisoma, atakuwa mgeni katika lugha aliyozaliwa nayo.

3. Mambo matatu ambayo pendekezo linapaswa kuyajibu

3.1 Ni Kiswahili gani?

Vitabu vingi vimeandikwa kwa Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni lahaja ya Kiunguja iliyochaguliwa mwaka 1928. Kiswahili cha Kisangani kina njia zake, na kimekwisha kuchunguzwa kama lugha kamili, mathalani katika kitabu cha Nico Nassenstein cha mwaka 2015. Upatanisho wa ngeli katika mazungumzo ya kila siku umepunguzwa. Mtu husema "iko na kitabu" pale ambapo mwandishi wa Unguja ataandika "ana kitabu". Msomaji atakutana na neno "shule" ilhali katika Kongo ya mashariki mahali hapo aghalabu huitwa "masomo".

Tofauti hizi hazimzuii mtu kuelewa, lakini zinaweza kumfanya aone haya. Mtu aliyekisema Kiswahili maisha yake yote akifungua kitabu na kukwama katika ukurasa wa kwanza, hadhani kwamba kitabu kimetoka mbali. Hudhani kwamba yeye hajui Kiswahili. Yafaa basi anayependekeza amwambie mapema: "Kiswahili chake ni cha Unguja, kurasa kumi za mwanzo zitakuwa ngumu, baadaye utazoea." Onyo hili dogo humwondolea msomaji aibu isiyo yake.

3.2 Mlango wa kuingilia ni upi?

Kila msomaji huingia kitabuni kwa mlango wa jambo analolijua. Mwanafunzi wa sheria, fundi wa bandarini na mwalimu wa historia hawapendekezewi kitabu kimoja kwa maneno yaleyale. Kusema "ni kitabu kizuri sana" hakumsaidii yeyote kati yao. Kusema "kinaeleza kazi kama ya baba yako" humfanya mtu anyooshe mkono akipokee.

3.3 Nakala iko wapi?

Kitabu kilichochapwa Dar es Salaam au Nairobi husafiri masafa marefu kabla ya kufika Kisangani, na aghalabu hufika katika mkoba wa msafiri badala ya sanduku la muuza vitabu. Pendekezo lisilotaja mahali pa kupata nakala huamsha hamu na kuiacha bila ya chakula. Anayependekeza aseme kama nakala ni yake, kama anaiazima kwa muda gani, au kama imo katika maktaba. Ikiwa hakuna nakala mjini, aseme hivyo bila ya kuficha.

4. Mifano ya vitabu

Vitabu vifuatavyo havikuchaguliwa kwa kuwa ni bora kuliko vingine vyote vya Kiswahili. Vimechaguliwa kwa sababu msomaji wa Kisangani ana mlango wa kuvingilia.

Kitabu cha kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Mwenyewe aliyaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. W. H. Whiteley aliyatoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza katika miaka ya 1950, na François Bontinck akatoa tafsiri ya Kifaransa mwaka 1974. Sentensi zake ni fupi, na majina ya mito na watu yatamshtua msomaji wa mji huu kwa kuwa anayafahamu. Aidha, anaweza kuiweka tafsiri ya Kifaransa kando ya asili na kusonga mbele bila ya kamusi. Hata hivyo, kitabu hiki kisipendekezwe bila ya tahadhari. Mwandishi alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, naye husimulia vita na utekaji kana kwamba anasoma hesabu za duka. Waliotekwa hawana sauti katika kurasa zake. Msomaji mjini Kisangani, ambaye huenda mababu zake walikuwa upande huo usiosikika, ana haki ya kuelezwa hivyo kabla hajakifungua.

Ndiyo sababu kitabu cha pili kifuatane nacho. Nacho ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022 ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya inamhusu Yusuf, kijana aliyetolewa kwa tajiri ili kulipia deni la baba yake, na inafuata msafara wa biashara kuelekea bara hata ng'ambo ya ziwa. Atakayesoma vitabu hivi viwili pamoja ataona msafara uleule kwa macho mawili: ya mwenye mali, na ya mtoto aliyewekwa rehani. Kwa mwalimu wa historia, jozi hii ni somo la muhula mzima.

Kitabu cha tatu ni Kuli, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1979, inayosimulia maisha ya wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Kisangani nao ni mji wa bandari. Mashua zitokazo Kinshasa huishia hapa kwa sababu ya maporomoko, na ndiyo maana reli ya kwenda Ubundu ilijengwa na kufunguliwa mwaka 1906. Mtu aliyekulia karibu na magati ya mto hatahitaji kuelezwa uzito wa gunia begani. Kiswahili chake ni cha Unguja, lakini mazungumzo ni mengi na humvuta msomaji.

Cha nne ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichochapwa mwaka 1951. Karama anashitakiwa katika nchi ya kubuni iliyo angani kwa kutaka elimu ya sheria ienezwe, naye anajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa na kurudi kuadhibiwa. Ni kitabu kifupi. Lugha yake ni ya kale kidogo na sentensi ni ndefu, kisomwe polepole. Mlango wake uko wazi kwa mwanafunzi wa sheria na kwa yeyote aliyewahi kuona mtu akiadhibiwa kwa kusema kweli.

Cha tano kimetoka Kongo yenyewe. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990. Kiswahili chake ni cha Katanga, na tahajia haikufuata kanuni za shule. Msomaji akiitazama kimya anaweza kuchanganyikiwa. Akiisoma kwa sauti, maneno hukaa mahali pake, na ndivyo Fabian mwenyewe alivyofanya alipomwomba mwenyeji aisome ili maana ipatikane. Tunaipendekeza kwa sababu inathibitisha kwamba Kiswahili cha Kongo kinaweza kubeba kitabu kama kilivyo.

5. Kitabu kisichofaa kuwa cha kwanza

Pendekezo jema hujua pia kuchelewesha. Euphrase Kezilahabi aliandika Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya ya binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali mno na kuangamia baadaye. Lugha yake ni nyepesi na kisa chake kinaeleweka popote penye wazazi na watoto. Mwandishi huyohuyo alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, kazi fupi zenye falsafa nzito ambazo hazifuati mtiririko wa kawaida wa hadithi. Mhadhiri hupenda kuzitaja hizi mbili kwa kuwa ndizo anazozijadili na wenzake. Lakini mwanafunzi anayepewa Nagona kuwa riwaya yake ya kwanza ya Kiswahili anaweza kuhitimisha kwamba fasihi ya Kiswahili haikuandikwa kwa ajili yake. Apewe kwanza Rosa Mistika. Nagona itamngoja.

6. Daftari la wasomaji

Tunashauri jambo moja lisilohitaji fedha nyingi. Kila idara inayoshughulika na lugha iweke daftari moja mahali panapofikika. Aliyemaliza kitabu aandike mistari michache: jina la kitabu, mwandishi na mwaka, Kiswahili chake ni cha wapi, kigumu chake kiko wapi na kinaisha ukurasa gani, kinamfaa nani, na nakala iko kwa nani. Aongeze pia kile ambacho hakikumpendeza, maana daftari lenye sifa tupu haliaminiki. Anayeazima atie sahihi, na arudishapo aandike neno lake chini ya neno la aliyemtangulia. Baada ya miaka michache idara itakuwa na kumbukumbu ya namna wasomaji wa mji huu wanavyovipokea vitabu vya Kiswahili, jambo ambalo mtafiti yeyote wa fasihi angelithamini.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mjini Kisangani kupendekeza kitabu cha Kiswahili ni kazi yenye masharti: kueleza lugha yake, kuonyesha mlango wake na kutaja nakala ilipo. Serikali na wachapaji wana wajibu wao, nao ni mkubwa. Lakini hakuna haja ya kuwangoja ili kumwambia mwenzako, kwa maneno yanayomfaa yeye, ni kitabu gani aanze nacho. Wasomaji wenye mapendekezo mengine, hasa ya maandishi yaliyotoka Kongo, wanaombwa wayaandike na kuyaleta, pamoja na mambo matatu tuliyoyataja.