Iron Maiden 1982: mwimbaji mpya, jina lake halikuandikwa kwenye nyimbo

Mwaka wa 1981, Iron Maiden, kundi la Uingereza linalopiga heavy metal, muziki wa magitaa yenye kelele nzito, lilikuwa na albamu mbili tayari na jina lake lilikuwa linapanda. Hata hivyo lilimwondoa mwimbaji wake, Paul Di'Anno. Pombe na kokeni vilikuwa vimeanza kuharibu maonyesho, jambo ambalo mwenyewe alilikiri. Nafasi ikapewa Bruce Dickinson, kijana aliyetoka kundi la Samson.

Lakini Dickinson alikuwa bado amefungwa na mkataba wa zamani. Kuimba aliruhusiwa, ila jina lake halikuweza kuwekwa kati ya watunzi. Baadaye alisema alichangia nyimbo kadhaa, mojawapo "Run to the Hills". Na mwanamuziki yeyote anajua: asiyeandikwa kwenye wimbo, pesa za mtunzi hazimfikii.

Walirekodi London, chini ya mtayarishaji Martin Birch, mtu asiyekubali kazi nusunusu. Mwanzo wa wimbo "The Number of the Beast" huimbwa kwa sauti ya chini. Birch alimrudisha Dickinson hapo hapo masaa na masaa, hadi kijana akaanza kurusha viti. Ule ukelele mrefu unaofuata, unaosikika hadi leo, ulitoka katika hasira hiyo.

Albamu ilitoka Machi 1982, ikawa ya kwanza ya kundi kushika namba moja Uingereza. Marekani, Wakristo fulani waliichoma hadharani wakisema ni ya Shetani.

Di'Anno alifariki Oktoba 2024, akiwa na miaka 66.