Je, Wajua? Roki na Masikio ya Mzazi
Unamsindikiza kijana wako kwenye tamasha la roki? Kwa mwongozo wa NIOSH, taasisi ya afya kazini ya Marekani, kelele za desibeli 85 zisikilizwe kwa muda usiozidi saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda hupungua kwa nusu. Zikifika 100, ni dakika 15 tu, bendi haijapasha hata moto! Mwaka 1976, jijini London, bendi ya roki ya The Who ilipimwa desibeli 126. Kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kiliiandika rekodi hiyo, baadaye kikaacha kupokea rekodi za kelele kisije kikachochea uziwi. Pamba masikioni haizuii kitu cha maana. Nunua viziba masikio vya sponji, uvisokote viwe vyembamba ndipo uvichomeke. Kijana atanuna. Mwache anune, mradi asisimame mbele ya spika.